Mwendo wa Kanda

3 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila goti la mama yako limerudi kulalamika, na yeye analalamika kuliko goti. Daktari amemwambia apunguze ngazi. Akamjibu kwamba nyumba yake haina ngazi hata moja, sasa apunguze nini? Paka naye amezaa ndani ya sanduku la gitaa lako la zamani, watoto wanne, na mama yako amepiga marufuku mtu yeyote kuwahamisha mpaka wafumbue macho. Mimi bado nina wale wanafunzi wangu sita wa gitaa kila Jumamosi asubuhi, hapa sebuleni, na majirani bado wanavumilia.

Kadi yako imefika. Umeandika mistari mitatu tu: umefika salama, klabu umeiona, nyuzi mbili zimekatika njiani. Nimefurahi kwa la kwanza na la pili. Kuhusu la tatu, nyuzi za siku hizi zinatengenezwa kwa madini hafifu, nalo ni jambo la kawaida. Badilisha zote kwa mkupuo, usibadilishe mmojammoja, kwa sababu uzi mpya kati ya nyuzi kuukuu unavuta shingo ya gitaa upande mmoja.

Huyo mpiga piano mnayemwita Mzee Kofia, kiongozi wa bendi, namfahamu. Nilikaa kulia kwake jukwaani miaka mitatu kabla sijaacha muziki na kwenda kusomea ualimu. Msalimie ukipata nafasi. Si lazima.

Jambo moja dogo. Usianze na kile kipande cha kanda yangu. Una vipande vingine zaidi ya kumi unavyovipiga vizuri, jazi na bluzi pia. Anza na hivyo. Mgeni hana haja ya kufungua mizigo yote siku ya kwanza.

Mama yako anauliza kama unakula.

Mjomba wako


25 Februari

Shikamoo mjomba,

Mwambie mama nakula, nalala, na nimenunua koti. Najua hayo ndiyo maswali yake matatu, maana ameyaandika yote mara mbili kwenye barua moja. Nimepanga chumba juu ya duka la fundi saa. Saa za dukani hazijawahi kukubaliana, kwa hiyo kila saa sita ya mchana inagongwa kwa dakika kumi nzima.

Klabu iko nyuma ya duka la dobi. Unapita kichochoro chenye mvuke, unasukuma mlango wa chuma, unashuka hatua tano. Mazoezi ni saa nne asubuhi, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza, mfagiaji anafagia katikati yetu na mtu anasugua sufuria jikoni mlango ukiwa wazi. Jumapili alasiri ndiyo onyesho. Ukutani kuna picha za wapigaji wa zamani. Wewe ni wa tatu kutoka dirishani, una nywele nyingi mpaka nimekuonea haya.

Sasa nisikilize, kuna jambo. Siku ya kwanza ya mazoezi Mzee Kofia alinipa sauti kwenye piano ili nikaze nyuzi. Nikapiga uzi wangu.

"Shusha," akasema.

Nikashusha kidogo.

"Shusha tena. Sisi tuko chini huku, binti, tunakusubiri."

Mpaka sauti zetu zilipokutana, nilikuwa nimeshuka sauti nzima. Nyuzi zikawa laini mkononi kama kamba za viatu. Mimi tangu utotoni nimekaza nyuzi kwa kuifuata kanda yako, sijui kipimo kingine.

Halafu mwenye klabu akaomba kipande cha kanda. Ulinikataza, lakini yeye alijua mimi ni mpwa wako kabla sijafungua mdomo. Huku kila mpiga gitaa anaijua kanda ile: mchana wa Jumapili, klabu hii hii, wewe ukiwa kijana, dakika nne ambazo wengi wanasikiliza tu, hawajaribu. Nikakipiga kama kilivyo, kwa mwendo wake. Mzee Kofia akaondoa mikono kwenye piano.

"Nani amekuonyesha kwamba kinapigwa hivyo?"

"Kanda, mzee. Ya mjomba wangu."

"Mjomba wako nimekaa naye miaka mitatu. Hakuwahi kukimbia hivyo hata siku moja. Alikuwa mtu wa kutembea, tena alitembea vizuri."

"Lakini kanda ipo. Mtu yeyote anaweza kuisikiliza."

"Muulize mwenyewe. Mimi si mdomo wake."

Mjomba, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mbele ya wote, "Mzee, huo ni wivu, na umekaa nao miaka arobaini." Mfagiaji akaacha kufagia.

Mwenye klabu yeye amefurahi. Ameandika kwenye ubao wa mlangoni MPWA WA MWENYE KANDA, na sasa kila Jumapili nakipiga mara mbili, mwanzo na mwisho. Lakini yeye kazi yake ni kujaza viti. Anayeamua nani anabaki kwenye bendi ni Mzee Kofia, na ataamua mwisho wa Mei.

Nakuomba umwandikie mistari miwili. Mwambie tu ulivyopiga siku ile. Kwako atanyamaza.

Mpwa wako


30 Machi

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua ilikata barabara ya posta kwa siku nne, na zile siku nyingine nilizochelewa hazina sababu ya mvua.

Paka wamefumbua macho. Mmoja tumempa karani wa posta, yule mwanafunzi wangu, amfukuzie panya wa vifurushi. Mama yako aliniuliza juzi bluzi ni kitu gani hasa, maana amekuwa akiisikia miaka yote na hajui inaanzia wapi wala inaishia wapi. Nikapanga vikombe kumi na viwili mezani, kila kikombe kipimo kimoja cha wimbo. Nikamwambia: vinne vya kwanza uko nyumbani. Viwili umekwenda kwa jirani. Viwili umerudi nyumbani. Kimoja umekwenda mbali, kimoja unapita tena kwa jirani, viwili uko nyumbani. Kisha unaanza upya. Akavitazama, akasema, "Kwa hiyo ni mtu aliyetoka, akagundua amesahau kitu." Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kueleza vizuri hivyo.

Kuhusu Mzee Kofia. Yeye ni mtu mkweli, wala hana wivu. Usimwite hivyo tena. Kumwandikia, hapana. Watu wawili waliokaa muda mrefu bila kuandikiana hawaanzi kwa mistari miwili. Wewe piga vipande vingine. Mwambie mwenye klabu kwamba kipande kimoja mara mbili kwa siku kinachosha masikio.

Nimeona kwamba mwisho wa barua yako mwandiko umelala upande kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Mwanzoni umesimama vizuri. Unaandikia wapi, kitandani? Tafuta meza.

Mjomba wako


14 Aprili

Shikamoo mjomba,

Meza ninayo. Kalamu ndiyo mbaya.

Mimi mzima. Klabu inajaa, Jumapili iliyopita watu walisimama mpaka kwenye hatua za mlangoni. Mwambie mama nimeanza kufunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ni mtindo wa mjini, asishtuke akiona picha.

Mzee Kofia hasemi nami. Anasema kupitia mpiga besi. Mimi nimesimama hatua moja kutoka kwenye piano, na yeye anamwambia mpiga besi, "Mwambie mpwa aingie baada ya duru ya pili." Mpiga besi ni dada mmoja mrefu, mpole, ananigeukia: "Uingie baada ya duru ya pili." Nami namwambia, "Mwambie nimesikia." "Amesikia." Jana mpiga besi alipaliwa na chai, mazoezi yakasimama kwa sababu hapakuwa na mjumbe.

Nimecheka, lakini si jambo la kuchekesha. Mei iko karibu. Hukunijibu nilichokuomba. Ulinieleza vikombe. Mistari miwili, mjomba. Hata mmoja.

Mpwa wako


4 Mei

Mpwa wangu,

Huku salama. Mama yako anatembea vizuri zaidi, na paka wa tatu amepata kwao.

Barua yako ilikuwa fupi na mwandiko umelala tangu mstari wa kwanza. Kalamu mbaya inakwaruza au inamwaga wino. Hailazi herufi. Nina maswali matatu, na naomba unijibu moja baada ya jingine, bila mzaha.

Ukinywa chai, kikombe unakishika kwa mkono gani?

Ukiamka asubuhi, vidole vya mkono wa kulia vinafunguka mara moja au unavingoja?

Chini ya hicho kitambaa cha mtindo kuna nini?

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua hii naisema mimi na anaiandika mpiga besi, kwa sababu nina shughuli nyingi wiki hii na yeye ana mwandiko mzuri. Mimi mzima. Jibu la maswali yako ni kwamba mkono umechoka kidogo, kama mkono wa mtu yeyote anayefanya kazi. Nitapumzika uamuzi ukishatolewa. Msalimie mama, na usimwambie lolote, maana hakuna la kumwambia.

Mpwa wako

Mjomba, mimi ni mpiga besi. Haya naongeza mwenyewe, yeye ameshuka dukani na hajui. Sikufahamu, lakini nimeishi na picha yako ukutani miaka sita, kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa nyumbani. Hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake, mimi ndiye ninayemfunga. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Jumapili alikipiga kipande mara ya pili, watu wakasimama wakishangilia, akaja jikoni akaweka mkono kwenye ndoo ya maji baridi na kulia bila sauti. Nilimwambia aache. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Mjomba alipiga hivi. Kwa hiyo mkono wa binadamu unaweza. Ubovu uko kwenye mkono wangu, na dawa yake ni mazoezi." Anafanya mazoezi kwa muda wa saa tatu kila siku juu ya maumivu hayo. Mzee Kofia anamtazama, anatikisa kichwa, hasemi. Kama kuna neno lako linaloweza kumsimamisha, lilete haraka.


19 Mei

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Wote wazima. Soma barua hii ukiwa umekaa, na usishike gitaa kabla hujafika mwisho.

Mkono wako hauna ubovu. Mzee Kofia amekuambia kweli. Mimi sikuwahi kupiga kile kipande kwa mwendo ule, wala simjui mtu mwingine aliyewahi.

Jumapili ile rafiki mmoja wa bendi alikuja na rekoda, akaiweka juu ya kiti mbele yangu. Betri zake zilikuwa kuukuu. Betri zikichoka, mota inazunguka kivivu na kanda inapita polepole kuliko inavyotakiwa. Fikiria mtu anayegonga mihuri kwenye kitambaa kirefu kinachovutwa mbele yake, muhuri mmoja kila sekunde. Kitambaa kikivutwa polepole, mihuri inabanana. Baadaye ukikivuta kitambaa hicho hicho kwa kasi ya kawaida, mihuri itapita mbele yako upesi upesi, na utadhani aliyeigonga alikuwa na mkono wa umeme. Tulirekodi kwa mota iliyochoka, tukasikiliza kwa betri mpya. Kila kitu kilienda mbio na kila kitu kilipanda sauti nzima: gitaa, besi, piano, hata kikohozi cha mtu mmoja mezani. Kipande cha dakika nne na nusu kikawa cha dakika nne. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu yoyote nyingine, nami nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja.

Nilijua siku ile ile niliyoisikia. Mzee Kofia pia alijua, kwa sababu piano haipandi yenyewe. Tulicheka sana. Nikasema nitawaambia watu Jumapili. Jumapili ikafika, wageni watatu wakanishika mkono mlangoni na hawakutaka kuuachia, nikasema nitawaambia wiki ijayo. Kanda ikanakiliwa, nakala zikanakiliwa. Watu wakaanza kuja klabu kumtazama mtu wa kwenye kanda, na mimi ndiye niliyepanda jukwaani badala yake. Nilijaribu kumfikia kwa miezi minane. Nilisikia watu wa meza ya mbele wakiulizana, "Leo anaumwa?" Ndipo nikatangaza kwamba kidole kinanisumbua, nikaondoka. Kidole hakikuwa na kitu. Mzee Kofia alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akaniambia, "Hilo ni lako kulisema. Mimi sitalisema." Ameshika neno lake miaka arobaini, na wewe umemwita mwenye wivu kwa ajili yangu.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa aibu yangu peke yangu. Lakini ulikuja kwangu na miaka tisa, na gitaa kubwa kuliko wewe, ukataka kufundishwa. Ningeweza kukupigia mwenyewe. Nilikupa kanda. Nilikusikia ukikaza nyuzi kuifuata, nikasikia zinakatika, na nilijua kwa nini zinakatika. Nikakueleza habari za madini hafifu. Ulipofika miaka kumi na sita ukaanza kuifikia kweli. Nilikuwa nakaa barazani nakusikiliza kupitia dirishani, na nakuambia ukweli mtupu, nilifurahi. Niliona yule mtu wa kwenye kanda hatimaye amezaliwa, tena ndani ya ukoo wangu. Sikufikiria mkono. Tangu barua yako ya Februari nimeufikiria kila siku, na bado nimekaa miezi mitatu nikikuandikia habari za paka.

Acha kupiga leo. Usipige polepole, usipige kidogo, acha. Nenda kwa daktari, umwambie umepiga hivyo miaka mingapi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya Mzee Kofia. Sijaifunga. Isome kwanza wewe.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Naandika mwenyewe, kama unavyoona. Mistari kumi kwa siku, ndivyo daktari alivyoruhusu, kwa hiyo barua hii ina siku nne. Mkono unapona. Vifungo nafunga, cha juu tu bado. Daktari aliniuliza nimekuwa nikibeba mizigo bandarini? Nikamwambia gitaa. Akasema, "Lina uzito gani?"

Nilikaa na barua yako wiki nzima kabla sijampa Mzee Kofia ya kwake. Sikutaka watu wajue. Niliona ni kama nakuondoa ukutani kwa mikono yangu. Mwishowe nilimpa asubuhi moja kabla ya mazoezi. Akaisoma amesimama, akairudia, akasema, "Kumbe bado anaandika vizuri." Kisha akasema nami moja kwa moja, mara ya kwanza tangu Februari: "Wiki sita hugusi gitaa. Kiti chako kitakaa hapo." Mwenye klabu alikuja juu, akasema watu wanamtaka mpwa wa mwenye kanda. Mzee Kofia akamwambia, "Basi wakae nyumbani waisikilize kanda." Ubao umefutwa.

Nilimwomba radhi kwa lile neno la wivu. "Nilikuwa nao kiasi," akasema. "Piano yangu nayo iliharakishwa vile vile. Mbona hakuna aliyekuja kunishika mkono?"

Basi kiti ninacho. Lakini nina hasira, mjomba, na sitaki kukuficha, maana tumefichana vya kutosha. Hasira yangu si ya kanda. Labda ningekuwa mimi, na wageni watatu mlangoni, ningefanya vivyo hivyo. Hasira yangu ni ya nyuzi. Nilikuwa na miaka tisa, uzi umekatika ukanichapa shavuni, nalia, na wewe umekaa mbele yangu unanieleza madini. Hilo nalirudia kila siku ninaponyoosha vidole kwenye maji ya moto.

Usiniandikie kuniomba radhi. Sijui nitaiweka wapi. Nataka kitu kimoja tu. Jumamosi wanakuja watu sita sebuleni kwako, na najua wanakaza nyuzi zao kwa kuifuata nini. Waambie. Wote sita, kwa mdomo wako, usiwape karatasi ya kusoma.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Nimepokea barua yako siku ya Jumatano, na leo ni Jumapili. Nakuandikia kabla ya chai.

Mama yako nilimwambia kwanza, Ijumaa jioni. Nilidhani atashangaa. Alishika kiuno. "Miaka yote hii nimetamba na wewe sokoni! Muuza nyanya haniamkii mpaka leo kwa sababu nilimwambia mwanawe hakufikii hata unyayo. Sasa nikamwambie nini?"

Nikasema, "Mwambie kweli."

"Kweli kamwambie wewe. Mimi nitatafuta muuza nyanya mwingine."

Halafu akaniuliza kwa nini umekuwa ukiandika kidogo, nikamweleza mkono, na hapo mzaha ukaisha. Hajasema nami tangu juzi. Chakula ananiletea, anakiweka mezani, anaondoka. Nimeona ni haki yake.

Jana asubuhi walikuja wote sita. Unawajua: mabinti wawili wa fundi umeme, karani wa posta, kinyozi, yule msichana anayesomea uuguzi, na mwokaji mikate, ambaye siku zote anakuja na unga kwenye nyusi. Ningeweza kuwaeleza kwa maneno, lakini nimekuwa mwalimu wa sayansi muda mrefu, na mtu aliyedanganywa kwa sikio ni vizuri aoneshwe kwa sikio. Siku nzima ya Alhamisi nilikuwa napima betri kuukuu kwenye rekoda yangu, nikitafuta zilizochoka kiasi kile kile, mpaka piano ya kwenye kanda ikashuka mahali pake. Nilikusanya betri za mtaa mzima. Kinyozi alinipa za mashine yake bila kujua ni za nini.

Nikawapigia kanda kwanza kama walivyoizoea. Nikabadilisha betri, nikawapigia tena. Kipande kikashuka. Gitaa likawa gitaa la mtu. Nikasema, "Huyu wa pili ndiye mimi. Yule wa kwanza nilijua tangu mwanzo kwamba si kweli, nikawaacha mumfuate." Nikawaeleza betri, na nikawaeleza nyuzi. Nyuzi nilizieleza mara mbili.

Karani wa posta alifunga sanduku lake na kutoka bila kuaga. Nilimwona kupitia dirishani amesimama barabarani, anatazama vidole vyake. Sikumfuata. Kinyozi alisema, "Mwalimu, miaka minne!" kisha akasema tena, "Minne!" Mabinti wa fundi umeme walitazamana, mkubwa akamwambia mdogo, "Si nilikuambia haiwezekani?" na mdogo akajibu, "Uliniambia mimi ndiye siwezi." Wakaanza kugombana, wakalegeza nyuzi huku wanagombana. Mwanafunzi wa uuguzi aliniomba nimwoneshe mikono yangu, akaipindua, akaiangalia kama daktari, akaniachia bila kusema alichotafuta.

Mwokaji mikate akaomba niirudie ile ya polepole. Akaisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho.

"Huyu namwelewa," akasema. "Anapumzika mahali ninapotaka kupumzika. Yule wa kasi ni nani, basi?"

"Hakuwahi kuwepo."

"Hakuna mtu aliyewahi kukipiga vile?"

Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka siyo kweli. Nikamwambia, "Yupo mmoja. Mpwa wangu. Yeye peke yake ndiye aliyekipiga kweli kwa mwendo ule, kwa mkono wake, mbele ya watu, na hivi sasa hawezi kufunga kifungo cha juu cha blauzi."

Kinyozi aliacha kuhesabu miaka. Mwokaji mikate akachukua gitaa lake, akalegeza uzi wa kwanza, akalegeza wa pili, na bila kunitazama akasema, "Basi mwambie hakuna anayemkimbiza. Apumzike."

Nimetumwa na watu watano, nami ni wa sita. Pumzika.

Mjomba wako